Nani akuombee ritani za kodi mahakamani? Tathmini ya huduma zinazouzwa Unguja na Pemba

Mtu anayetaka mahakama imlazimishe mwenzake aonyeshe ritani zake za kodi, yaani taarifa za mapato au mauzo anazopeleka kwa wakusanyaji wa kodi, hapa Zanzibar ana pahala panne pa kwenda: ofisi ya kuchapa hati iliyo jirani na mahakama, mhasibu, wakili wa kujitegemea, au kituo cha msaada wa kisheria. Wote wanne watamwambia inawezekana, na wanasema kweli. Wanachotofautiana ni wanachomuuliza kabla ya kuandika, na hicho ndicho tulichokipima. Ofisi ya mtu hatuitaji. Makosa ni yale yale kutoka Mwanakwerekwe mpaka Chake Chake, na kuyabandika kwa mmoja ni kuwasafisha wengine.

Watu wengi wanadhani maombi haya yanashindwa kwa sababu kodi ni siri ya Serikali. Hapana. Yanashindwa kwa sababu karatasi iliyoombwa haipo kabisa, au ipo kwa jina la kampuni, au iko ofisi nyengine, au ni ya mwaka ambao ritani yake bado haijafika wakati. Mambo yote manne yanajulikana kabla ya senti kulipwa, mtoa huduma akiuliza.

Tuanze na mahakama yenyewe. Madai ya kawaida Zanzibar yanaendeshwa kwa Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 8, iliyofuata mfano wa India wa 1908. Upande mmoja unaweza kuomba mwengine aape na kutaja hati zote za shauri zilizo mikononi mwake au katika uwezo wake, kisha azitoe zikaguliwe. Hakimu hutazama kama hati inagusa jambo linalobishaniwa, na kama kuiona ni lazima ili shauri liamuliwe kwa haki au gharama ziokolewe. Ritani haina kinga ya peke yake mbele ya kipimo hicho. Lakini imebeba mambo ya ndani ya mtu, na Katiba ya Zanzibar ya 1984 inalinda faragha, kwa hivyo ombi la jumla jumla hukatwa haraka kuliko ombi la risiti za saruji.

Kuna mashauri ambayo kipato chenyewe ndicho ugomvi, na humo ombi huwa na nguvu. Matunzo ya watoto ni moja, iwe kwa Kadhi au chini ya Sheria ya Watoto ya 2011, kwa sababu kiwango kinafuata wasaa wa baba. Jengine ni mgawanyo wa mali walizochuma pamoja mke na mume, ambao Sheria ya Mahakama ya Kadhi ya 2017 imeupa nafasi. Washirika wa biashara wanaogombana juu ya faida wamo humu, na mtu aliyekwishashindwa kesi akidai hana cha kulipa pia yumo: huyo anaweza kuitwa ahojiwe mali zake na aamriwe kuleta vitabu vyake. Halafu kuna anayedai fidia ya ajali akisema amepoteza kipato cha shilingi kadhaa kwa mwezi. Huyo amekileta kipato chake mezani mwenyewe, na hana uso wa kukasirika akiambiwa akithibitishe. Kwenye mgogoro wa mpaka wa shamba au pango la nyumba lisilolipwa, ritani za mtu hazina kazi. Mtoa huduma anayekubali kuziomba huko anachukua pesa ya bure.

Sasa huduma.

Ofisi ya kuchapa hati ndiyo rahisi na ya haraka, na kwa barua au hati ya kiapo ya kupotelewa na kitambulisho inatosha kabisa. Kwa ombi hili tunaipa alama mbili kwa tano, na moja kati ya hizo ni ya kasi. Tatizo kubwa ni kigezo kilichomo kwenye kompyuta, yaani ombi lililoandikwa tayari linalojazwa majina tu, ambacho mara nyingi kimetoka Bara. Utakijua kwenye mstari wa juu: kinataja Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, na Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6. Hizo ni sheria za Tanzania Bara. Hapa ni Sura ya 8 kwa mwenendo na Sheria ya Ushahidi namba 9 ya 2016 kwa ushahidi. Mahakama zetu si za Muungano isipokuwa Mahakama ya Rufani, na wakili wa upande wa pili akiiona Sura ya 33 hahangaiki na hoja yako. Anaweka pingamizi la awali. Ukibahatika utaamriwa ulirekebishe, na mbaya zaidi ombi linatupwa na unaanza upya na ada nyengine.

Tatizo la pili ni ombi lenyewe. Kigezo kinaandika hivi: "Mdaiwa aamriwe kuleta ritani zake zote za kodi." Zote za miaka mingapi? Za kodi gani? Kwa TIN, namba ya mlipakodi, ipi? Hakimu anayejua kazi yake ataliona hilo kuwa ni kuvua samaki kwa juya, na atalikataa. Linganisha na hili:

"Mdaiwa aamriwe, ndani ya siku 14, kuwasilisha nakala za ritani za mapato alizopeleka Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) kwa mwaka wa mapato 2022 na 2023, pamoja na hesabu zilizoambatanishwa na hati za makadirio ya kodi zilizotolewa, kwa TIN anayotumia kwenye duka la vifaa vya ujenzi lililotajwa aya ya 6 ya hati ya madai, na kama hana nakala, azipakue kutoka akaunti yake ya mlipakodi au aziombe TRA kwa maandishi, na aambatanishe barua hiyo kwenye hati yake ya kiapo."

Kila kipande cha ombi hilo kina kazi yake. Siku zimetajwa, kwa hivyo ukaidi unapimika. Miaka ni miwili. Biashara imefungwa na aya ya madai, kwa hivyo uhusiano hauhitaji kubahatishwa. Na sehemu ya mwisho ndiyo yenye thamani kuliko zote: maneno "katika uwezo wake" yanaifikia hati ambayo mtu hana mkononi lakini anaweza kuipata akitaka, na mlipakodi anaweza kupata nakala ya ritani yake mwenyewe. Jawabu la "zimepotea" halimwokoi tena.

Mhasibu tunampa tatu na nusu, na ni kwa jambo moja: anajua karatasi gani zipo. Hapo ndipo mawakili wengi, hata wazuri, wanapojikwaa.

Chukua mwajiriwa. Mume ni dereva wa kampuni ya utalii Paje, au mwalimu wa skuli ya Serikali, na mke anataka ritani zake kwa ajili ya matunzo. Mtu ambaye kipato chake chote ni mshahara wa ajira moja hatakiwi kupeleka ritani ya mapato. Kodi yake hukatwa na mwajiri kila mwezi na kupelekwa ifikapo tarehe 7 ya mwezi unaofuata. Ukiomba ritani zake, ataapa kwamba hana, na atakuwa amesema kweli. Wewe umepoteza tarehe moja ya kusikilizwa na umemfanya aonekane muungwana. Kinachoombwa ni hati za mshahara za miezi 12, mkataba wa ajira wenye posho, na kutoka kwa mwajiri orodha ya makato ya mfanyakazi huyo. Muhtasari wa benki unafuata, kwa sababu posho na bakshishi haziko kwenye hati ya mshahara.

Muuza duka mdogo naye ana hadithi yake. Mfanyabiashara binafsi ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 100 kwa mwaka kwa kawaida hulipa kodi kwa kufuata kiwango cha mauzo, hana hesabu zilizokaguliwa wala ritani ndefu ya mwisho wa mwaka. Kwake omba hati ya makadirio na risiti za malipo. Ujue lakini kwamba karatasi hiyo inasema kadirio la mauzo, wala haisemi faida, na mara nyengine iliandikwa na watu wawili waliokubaliana kwenye kaunta mwezi wa Machi.

Hapo pana kosa jengine linaloonekana kila siku: hati ya makadirio kuletwa kama ndiyo ritani. Makadirio hupelekwa ndani ya miezi mitatu ya mwanzo wa mwaka wa mapato, ni kauli ya mtu kuhusu pesa ambayo bado hajaipata. Ritani ya mapato hupelekwa ndani ya miezi sita baada ya mwaka kwisha, kwa hivyo kwa anayefuata mwaka wa kalenda mwisho ni 30 Juni. Ukifungua shauri Februari 2025 na ukaomba ritani ya 2024, umeomba kitu ambacho sheria inampa mtu mpaka Juni kukileta. Omba ya 2022 na 2023, na kwa 2024 omba makadirio pamoja na risiti za awamu nne alizolipa. Mhasibu analijua hili bila kufungua kitabu.

Tena kuna hati ya uthibitisho wa kulipa kodi, ile ambayo watu huiomba kwa leseni na zabuni. Inaletwa mahakamani imepigwa muhuri na kuonekana ya maana sana. Haisemi kipato hata shilingi moja. Inasema tu kwamba mtu hadaiwi, au amekubaliana namna ya kulipa.

Kampuni ndiyo mtihani mkubwa zaidi, hasa ukanda wa hoteli. Mwenye nyumba ya wageni ya vyumba 10 Nungwi anaweza kuwa hana kitu kwa jina lake. Jengo, leseni, akaunti na magari ni ya kampuni, na kampuni ni mtu mwengine kisheria. Ritani yake binafsi, ikiwepo, itaonyesha mshahara mdogo wa mkurugenzi. Gawio, yaani faida wanayogawiwa wenye hisa, kwa mkaazi binafsi hukatwa kodi ya zuio kabla ya kulipwa, kwa kawaida asilimia 10, na kodi hiyo ni ya mwisho, kwa hivyo haionekani tena kwenye ritani. Mhasibu mwenye akili ataanza kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali, BPRA, atazame wenye hisa ni nani, kisha ataomba hesabu za kampuni, hati za kodi ya zuio, na akaunti ya mkopo wa mkurugenzi. Hiyo akaunti ya mwisho ndiyo inayoonyesha nani analipiwa ada za skuli na tiketi za ndege na kampuni. Kama mhusika ndiye mwenye hisa karibu zote na ndiye anayeweka saini, hoja kwamba hati za kampuni ziko katika uwezo wake inasimama. Kama ana hisa asilimia 20 na ndugu zake ndio wanaoendesha, haisimami, na inabidi kampuni iitwe yenyewe.

Jambo la mwisho ambalo mhasibu wa hapa analijua na kigezo cha Bara hakilijui: Zanzibar ina wakusanyaji wawili. Kodi ya mapato ni ya Muungano na iko TRA. Kodi ya ongezeko la thamani, tozo za hoteli na nyengine za ndani ziko Mamlaka ya Mapato Zanzibar, ZRA, ambayo karatasi zake za miaka ya nyuma utazikuta zimeandikwa ZRB, jina lake la zamani. Ombi linalotaja TRA peke yake kwa mtu wa hoteli linaacha nusu ya picha nje, kwa sababu ritani za ZRA hupelekwa kila mwezi na zinaonyesha mauzo ya msimu wa Julai na Agosti yakipanda na ya masika yakishuka. Mauzo ya miezi 12 ya ZRA ukiyaweka ubavuni mwa mauzo ya mwaka yaliyomo kwenye ritani ya TRA, kwa miaka ile ile, pengo likiwepo utaliona kwa macho. Kwa hilo tu mhasibu anastahiki pesa yake.

Mbona basi si tano? Kwa sababu hawezi kusimama mahakamani kukuombea, na maombi anayoyaandika yana kila karatasi isipokuwa sababu ya kuitaka. Pia yeye mwenyewe anaweza kuitwa. Siri ya wakili na mteja haimhusu mhasibu. Mhasibu wa mdaiwa anaweza kupewa wito wa kuleta faili la mteja wake, na mara nyingi hapo ndipo ritani zinapopatikana kwa urahisi kuliko kwa mwenyewe. Na anayedhani ataficha ritani kwa kuzihifadhi kwa wakili wake asijisumbue. Karatasi iliyokuwepo kabla haigeuki siri kwa kubadilishwa droo.

Wakili anapata nne, kwa masharti. La kwanza, awe kwenye orodha ya mawakili wa Zanzibar. Mwenye leseni ya Bara peke yake hasimami mahakamani Vuga wala Tunguu kwa leseni hiyo. La pili, akubali kukaa na mhasibu nusu saa kabla ya kuandika. Wakili anayesema "hilo tutaliona huko mbele" anakuandalia hasara. La tatu ni namna anavyoishughulikia TRA.

Wateja wengi wanataka njia ya mkato: mahakama iiandikie TRA, TRA ilete faili. Wakili anayeahidi hivyo bila maelezo mpe kisogo. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inamfunga afisa wa kodi kutunza siri ya mlipakodi. Milango iliyoachwa wazi ni michache, na ule wa mahakama umelenga hasa mashauri ya kodi yenyewe, kama yale ya Bodi ya Rufani za Kodi. Kwa ugomvi wa mke na mume, au wa washirika wawili wa duka la Darajani, TRA ina haki ya kusimama na kusema sheria hairuhusu. Siri hiyo lakini inamfunga afisa. Haimfungi mlipakodi. Ndiyo maana mpangilio mzuri ni kumbana mhusika kwanza, mhasibu wake baadaye, na mamlaka ya kodi mwisho kabisa, tena ikiwezekana kwa ridhaa ya maandishi ya mlipakodi mwenyewe. Wakili anayeanza na TRA anapanda ngazi kwa kichwa chini.

Hatua zenyewe, zikifanywa sawa, hazichukui karatasi nyingi. Inaandikwa notisi kwa upande wa pili, kumtaka alete hati ambazo mwenyewe amezitaja kwenye majibu yake. Kama ameandika "biashara yangu imepata hasara miaka miwili", ameshafungua mlango. Akikaa kimya, linafuata ombi lenye hati ya kiapo inayoeleza mambo matatu: hoja gani ya kipato inabishaniwa, kwa nini unaamini hati zipo, na kwa nini huwezi kupata habari hiyo kwengine. Aya hii ya mwisho ndiyo inayoachwa mara nyingi kuliko zote. Mahakama ikijua kwamba muhtasari wa benki umeshaletwa na unatosha, ritani haiwi lazima tena. Ombi liwekwe mapema, kabla ushahidi haujaanza kusikilizwa. Kuliweka baada ya mdai kufunga ushahidi wake ni kumpa hakimu sababu ya kukataa bila kusoma.

Amri ikitoka na mtu akaidharau, makali yapo. Utetezi wake unaweza kufutwa, au kama ni mdai, shauri lake likatupwa. Hata pasipo kufika huko, mahakama inaweza kuchukulia kwamba karatasi aliyoificha ingemuumiza. Tena aliyekataa kutoa hati baada ya kupewa notisi huzuiwa kuja kuitumia mwenyewe baadaye ikimfaa. Wakili mzuri anaiweka sentensi hii kwenye barua ya kwanza kabisa, na mara nyengine barua hiyo inamaliza kazi.

Kupata karatasi na kuifanya ushahidi ni mambo mawili, na hapa mawakili wachanga wanaangusha alama. Mtu aliyeitwa kuleta hati tu anaweza kuituma bila kufika, na hata akifika, kuileta hakumfanyi shahidi, huwezi kumhoji. Kwa anayeishi Pemba na mtunza hati yuko Unguja, wito wa kuleta hati unaokoa nauli ya boti na siku ya kazi, lakini baadaye lazima awepo mtu wa kuitambua ile karatasi: mhusika mwenyewe akiwa kizimbani, au mhasibu aliyeiandaa. Nakala iliyochapwa kutoka kwenye mtandao iende na maelezo ya nani aliichapa, kwa kifaa gani, kutoka akaunti ya nani na lini. Bila hayo, upande wa pili utasema imetengenezwa, na jambo dogo litakula asubuhi nzima.

Huduma hii ina upande wa pili ambao mawakili wachache wanauuza vizuri: kumlinda aliyeombwa. Ukiwa wewe ndiye uliyepewa amri, si lazima uchague kati ya kutoa kila kitu na kukataa kila kitu. Unaweza kuomba miaka ipunguzwe, majina ya wateja na wafanyakazi yafunikwe, hakimu azione kwanza peke yake kabla ya upande wa pili, na karatasi zisitumike nje ya shauri hilo. Hasa anayegombana na mshindani wa biashara hapaswi kuruka ombi la kufunika majina ya wateja. Na kabla ya kutoa, ukae na mhasibu: kama mauzo uliyoyaandika TRA ni madogo kuliko yale unayodai mahakamani kwamba uliyapoteza, moja kati ya karatasi hizo mbili itakuumiza, na ni heri ujue ni ipi kabla ya kuulizwa. Kuighushi ritani usiku wa kuamkia kesi ni jinai. Nyaraka za kodi hutakiwa kuhifadhiwa miaka mitano, kwa hivyo "nimeshazichoma" si utetezi kwa mwaka wa juzi.

Wapo wateja wanaokuja na habari za Marekani, na ofisi nyengine zinazibeba kama zilivyo. Kule mahakama nyingi za shirikisho huuliza maswali mawili: je, ritani inahusiana, na je, kuna haja kubwa kwa kuwa habari haipatikani kwengine; majimbo kama California yana kinga kali zaidi. Kifungu cha 6103 cha sheria yao ya kodi kinaifunga IRS, mamlaka yao ya kodi, na mwenye kesi hupata nakala kwa mlipakodi kutia saini fomu 4506. Kesi ya Trump na Vance, mwendesha mashtaka wa Manhattan, ya 2020, ambamo Mahakama ya Juu ilikataa kwamba rais ana kinga kamili dhidi ya wito wa jinai wa jimbo, ilihusu karatasi zilizokuwa kwa wahasibu, Mazars, hazikuwa za kutolewa na IRS. Kama mtu anataka kuchukua kitu kutoka huko, achukue hilo la wahasibu. Kuzitaja kesi hizo kama sheria mbele ya hakimu wa Mfenesini hakumsaidii mtu.

Kituo cha msaada wa kisheria tunakipa nne kwa matunzo na mirathi midogo, na mbili kwa ugomvi wa kampuni. Kipo Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar tangu 1992, ipo jumuiya ya wanasheria wanawake, ZAFELA, na wapo wasaidizi wa kisheria wilayani wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2018. Nguvu yao ni kwamba wanajua Mahakama ya Kadhi inavyokwenda, na wanajua kuwa mama mwenye watoto wanne hana muda wa kugombania ritani. Wanakwenda kwenye karatasi inayopatikana. Udhaifu ni foleni, na hesabu za kampuni si fani yao.

Kwa Pemba hawa ndio tungewachagua kwanza, kwa sababu ya karafuu. Mwenye mikarafuu ya Mtambwe au Ole anaweza kuingiza mamilioni msimu mmoja na asiwe na ritani hata moja. Lakini karafuu huuzwa kwa Shirika la Taifa la Biashara, ZSTC, na muuzaji hupewa stakabadhi yenye kilo, daraja na bei. Ombi sahihi kwa mtu huyo ni stakabadhi za ZSTC za misimu miwili au mitatu, kwa kuwa mikarafuu haizai sawa kila mwaka na baba atachagua kuonyesha mwaka mbaya. Omba na mkataba wa kukodisha mikarafuu kama ameikodisha, kwani hapo stakabadhi zitakuwa kwa jina la mkodishaji.

Mirathi ina njia yake. Ritani za marehemu huombwa kupitia msimamizi wa mirathi au, kwa mali zilizo chini yake, Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Msimamizi amesimama pahala pa marehemu kwa deni la kodi pia, kwa hivyo ana sababu yake mwenyewe ya kuzitaka. Mrithi mmoja mmoja akienda TRA na cheti cha kifo peke yake asitarajie kupewa faili.

Kuhusu bei, hatutaji kiwango kwa kuwa kinabadilika na uzito wa shauri. Dai bei iliyogawanywa: kuandika ombi, kusimama siku ya kusikilizwa, ada ya mahakama, gharama za nakala. Ada ya mahakama ulipe mwenyewe kwa namba ya malipo uliyopewa na ubaki na risiti; anayetaka umkabidhi taslimu "akakulipie" hajatoa huduma yoyote kwa hatua hiyo. Na kabla ya kutia saini, mwambie akusomee aya ya maombi kwa sauti. Kama hakuna mwaka, hakuna TIN au jina la biashara, na hakuna idadi ya siku, mwache nayo.